Tairi dabo nyuma ya Land Rover na Land Cruiser za zamani: njia tatu, na kila moja inamfaa nani

Mwenye Land Rover 109 au Land Cruiser pikapu ya miaka ya 70 akishabebea mzigo msimu mmoja kati ya mialo na mjini Mwanza, swali huja lenyewe: nyuma niweke tairi dabo, yaani mawili mawili kila upande? Gari linayumba likijazwa, tairi la nyuma likipasuka safari imekufa, na jirani mwenye Canter anapita na mzigo mara tatu ya wako. Swali hili nimeulizwa mara nyingi. Kwenye 109 Series III niliyoachiwa na baba nimelijibu mara mbili, na jibu la kwanza lilinigharimu.

Watu wanaosema "nataka dabo" huwa wamesimama mbele ya njia tatu tofauti. Ya kwanza ni kufunga rimu ya pili nje ya ile ya kwanza kwa adapta, kipande cha chuma cha kuunganishia ambacho wengi hukiita spesa, huku ekseli ikibaki ileile. Ya pili ni kutoa ekseli ya nyuma na kuweka ya lori dogo, Canter au Dyna, iliyozaliwa na tairi dabo. Ya tatu ni kuacha tairi moja moja, ukaimarisha springi, ukanunua matairi mazito, na mzigo unaozidi ukaupeleka kwenye tela. Nimeiweka hii ya tatu makusudi, kwa sababu wengi wanaotaka dabo shida yao inaishia hapo.

Vigezo vya kupimia

Anza na aina ya mzigo, siyo uzito peke yake. Magunia ya dagaa wakavu ni makubwa kwa umbo na mepesi kwenye mizani. Yanapandishwa mpaka turubai linapita paa la kabini. Barafu, sangara wabichi na saruji ni kinyume: vinakaa chini na vinakandamiza. Gari linaloyumba kwa dagaa lina ugonjwa mmoja, gari linalolala kwa saruji lina mwingine.

Kisha udongo. Wasukuma wana majina ambayo dereva anapaswa kuyajua: luseni, ule mchanga wa miinuko karibu na mawe, na mbuga, ule mweusi wa mabondeni unaopasuka kiangazi na kunata masika. Ongeza mchanga wa mialoni na changarawe ya barabara za wilaya. Dabo lina tabia tofauti kwenye kila kimoja.

Vingine ni hivi: je, gari litaendelea kuvuta kwa tairi zote nne? Spea na matairi yatakugharimu nini kila mwezi? Unaweza kurudisha gari kama lilivyotoka kiwandani? Na karatasi zake zitakaa vipi mbele ya trafiki?

Jambo moja kabla ya kulinganisha

Tazama ubavuni mwa tairi la 7.50R16. Mengi yana namba mbili, mfano 122/121. Ya kwanza inamaanisha tairi likiwa peke yake linabeba 1,500 kg. Ya pili, likiwa na pacha wake, 1,450 kg. Matairi mawili tu ya namba hiyo yanahimili 3,000 kg nyuma, na manne yanahimili 5,800 kg. Land Rover 109 ya kawaida ilijengwa kubeba mzigo wa kama 900 kg. Kwa hiyo kwenye magari haya tairi zima lenye upepo wa kutosha halijawahi kuwa kikwazo. Vikwazo ni chasisi, springi, beringi za habu (sehemu ya katikati inayoshika gurudumu) na breki, na matairi ya dabo peke yake hayagusi hata kimoja kati ya hivyo vinne.

Linachotoa dabo ni mambo mawili. Gari linasimama kwa upana zaidi, na moja likipasuka lingine linakushikilia mpaka utoke barabarani salama. Hata huko kuyumba linakupunguzia sehemu tu, maana bodi huyumba juu ya springi, na springi zikiwa zimechoka utayumba hata ukiwa na matairi sita nyuma.

Njia ya kwanza: adapta kwenye ekseli ya asili

Mzigo. Rimu ya dabo halisi imezama katikati, ili sehemu inayokaa kwenye habu iwe kati ya matairi mawili na uzito uangukie karibu na beringi. Ukichukua rimu ya kawaida na kuongeza nyingine nje kwa adapta, tairi la pili la 7.50 linakaa karibu sentimita 24 nje ya la kwanza. Kitovu cha uzito kinasogea nje kama sentimita 12, na siku ambayo tairi la ndani limeisha upepo, uzito wote unaning'inia kwenye zile 24. Beringi haikutengenezewa mkono mrefu hivyo.

Hapo ndipo aina ya ekseli inapoamua. Kwenye Land Rover 109, shafti iliyo ndani ya ekseli inazungusha gurudumu tu. Uzito unabebwa na habu juu ya bomba la ekseli. Utaitambua kwa kile kikombe chenye bolti sita katikati ya gurudumu. Kwenye Land Cruiser FJ40 shafti ya nyuma inazungusha na papo hapo inabeba uzito, na ikikatika gurudumu linaweza kutoka pamoja nayo. Marekani waliliona hili kwa uchungu. Miaka ya 1970 na 1980 zilijengwa nyumba ndogo za kutembea juu ya pikapu za Toyota, na baadhi ya wajenzi wakafunga tairi dabo kwenye ekseli nyepesi ya aina hiyo, yenye stadi (bolti za kushikia rimu) tano. Ekseli zikakatika barabarani, magari yakaitwa kurudi, yakabadilishiwa ekseli nzito yenye stadi sita. Kwa hiyo mwenye FJ40 ninamwomba: njia hii usiitumie kwa mzigo wowote.

Udongo. Kwenye lami na changarawe kavu inakwenda vizuri. Kwenye matope ya mbuga ni mateso. Matairi ya mbele yanapasua njia mbili, ya nyuma yanapaswa kupasua nne, na udongo unajaa katikati ya pacha mpaka yanazunguka kama gogo moja laini. Kwenye barabara za mawe, nasi Mwanza mawe ndiyo sura yetu, jiwe la ukubwa wa ngumi linabanwa kati ya matairi na kula ubavu kilomita nzima kabla hujasikia.

Tairi zote nne. Hapa njia hii ina sifa kamili: difu, zile gia za ndani ya ekseli, ni ileile, uwiano wake ni uleule, mbele na nyuma wanaendelea kuelewana.

Spea na gharama. Kuanza ni rahisi kuliko njia ya pili, ila ubora wa adapta ndio uhai wako. Adapta zangu za kwanza zilikatwa kwenye bamba la chuma katika gereji moja ya mjini. Hazikukerezwa zifuate kitovu cha habu, kwa hiyo uzito wote ulikuwa umekaa kwenye stadi. Mwezi wa tatu, nikitoka Misungwi na saruji, stadi mbili za kushoto zilikatika. Namshukuru Mungu mwendo ulikuwa mdogo. Adapta nzuri inakerezwa ikae kwenye kitovu, rangi inakwanguliwa pale chuma kinapokutana na chuma, na nati zinakazwa tena baada ya kilomita 50 na tena baada ya 100.

Kurudi nyuma. Unafungua, unafunga rimu zako, mchana mmoja kazi imeisha. Kwa gari la kumbukumbu hilo ni jambo kubwa.

Inamfaa mwenye ekseli ya habu kama ya 109, mzigo mwepesi wa kwenda juu, na safari fupi za lami au changarawe kavu. Inamfaa pia anayelitunza gari kwa ajili ya sura yake na asiyelibebesha kitu.

Njia ya pili: ekseli ya Canter au Dyna

Mzigo. Hii ndiyo dabo ya kweli. Rimu zimezama, habu na beringi zimetengenezwa kwa ajili ya pacha, ngoma za breki ni kubwa. Viwanda vilivyotengeneza gari la 4x4 lenye dabo vilifuata njia hii: Jeep FC-170 ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilipotolewa na tairi dabo, ilipewa ekseli nzito ya nyuma, siyo rimu tu. Hata hivyo chasisi yako haijabadilika. Ekseli ya lori chini ya chasisi ya 1974 haikupi lori. Mzigo wako bado unapimwa na chuma kilichoko juu ya springi, na kwa waliobeba kayabo, samaki wa chumvi, miaka mingi chuma hicho kina hadithi yake. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, lakini yale yanayochuruzika kutoka kwenye sangara wa chumvi yanaingia ndani ya chasisi na kuitafuna bila kelele. Chukua nyundo ndogo, gonga chasisi juu ya ekseli ya nyuma na pale springi zinaposhika. Ikilia kama debe, acha habari za ekseli, anza na chasisi.

Tairi zote nne. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi zimepotea. Land Rover Series na Land Cruiser za zamani ukiingiza 4x4, mbele na nyuma zinafungwa pamoja bila difu ya katikati. Propela mbili, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, zinazunguka kwa kasi moja, hazina hiari. Difu za Land Rover Series II na III zina uwiano wa 4.7: propela inazunguka mara 4.7 kwa kila mzunguko wa magurudumu. Ekseli za Canter zina uwiano wake, na unabadilika kutoka modeli moja hadi nyingine. Ukiweka nyuma uwiano tofauti na wa mbele, siku utakapoingiza 4x4 kwenye ardhi ngumu gari litajikaba lenyewe, na kitakachosalimu amri ni krosi (kiungo) ya propela, gia za sehemu ya kugawa nguvu, au shafti ya mbele.

Kipimo hakihitaji kompyuta. Inua gurudumu moja la ekseli unayotaka kuinunua, lingine libaki limeshikwa, weka alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha gurudumu lililo juu mara mbili kamili, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Idadi hiyo ndiyo uwiano wa difu. Fanya hivyohivyo mbele ya gari lako. Namba zisipolingana, usilipe. Fundi akikuambia "tofauti ni ndogo", muulize nani atalipia krosi. Ukubwa wa tairi nao unaingia kwenye hesabu: 7.00R16 nyuma na 7.50R16 mbele ni tofauti ya asilimia tatu au nne hata kama difu zinafanana.

Kuna na suala la mahali difu ilipo. Kwenye Land Rover Series difu imekaa kulia, siyo katikati, kwa sababu propela inatokea upande huo. Ekseli ya lori yenye difu katikati inailazimisha propela kwenda kwa pembe, na pembe ikizidi inatetemesha gari zima. Fundi mwenye uzoefu atapima kwanza, atakuchorea, kisha ndipo atashika mashine ya kuchomelea.

Walio tayari kuchukua ekseli zote mbili wana mlango mwingine: Canter ya 4x4, ile ya herufi FG, ina mbele na nyuma zinazolingana tangu kiwandani. Ila ukifika hapo jiulize kwa moyo mkunjufu kama hukuwa unaitafuta Canter yenyewe.

Udongo. Matope na mawe ni yaleyale ya njia ya kwanza. Kwenye mchanga mkavu wa mwaloni, dabo linaelea vizuri likiwa na mzigo, lakini nyuma likiwa pana kuliko mbele halipiti kwenye alama za tairi za mbele, na injini ya zamani ya petroli inalisikia hilo mara moja.

Spea na gharama. Upande wa spea ndio faida kubwa: beringi, silinda za breki, sili, stadi za Canter na Dyna hazikosekani mjini, wakati za Land Rover ya zamani unaweza kuzisubiri wiki. Upande wa matairi ni mzigo: sita barabarani na la saba la akiba. Mbele ukibaki na stadi zako na nyuma ukawa na za lori, utahitaji akiba mbili. Pacha nao wana masharti. Wasitofautiane kipenyo zaidi ya milimita 6 hivi, la sivyo kubwa linabeba uzito wa wote wawili. Tairi la ndani likiisha upepo huwezi kuliona, kwa hiyo tingo ashuke kila kituo ayagonge yote kwa chuma na asikilize. Canter nyingi za zamani zina nati mbili kwenye kila stadi. Ya ndani, yenye kichwa cha pembe nne, inashika rimu ya ndani. Huwezi kuikaza bila kwanza kulegeza ya nje, na wanaokaza ya nje tu wanaacha rimu ya ndani inacheza. Upande wa kushoto nyuzi zake mara nyingi ni za kinyume. Tingo wako ajue haya kabla ya safari ya kwanza.

Kurudi nyuma. Ni kazi. Vikalio vya springi vimekatwa, propela imefupishwa au kurefushwa, mabomba ya breki yamebadilishwa. Ekseli ya asili usiiuze kwa chuma chakavu. Ifunge gunia, iweke stoo.

Karatasi. Hili linazigusa njia zote mbili za dabo, ila hapa ndipo linapobana. Kadi ya gari ina uzito na maelezo yake. Kabla ya kukata chuma, muone mkaguzi wa magari wa polisi, kisha upeleke mabadiliko TRA, na bima wajulishwe kwa maandishi. Madigadi yafunike matairi yote. Tairi linalochungulia nje linarushia mawe wenye pikipiki nyuma yako, na trafiki hatahitaji sababu nyingine ya kukusimamisha. Na ukifikisha uzito wa jumla wa 3,500 kg, mizani ya barabarani inakuhusu.

Inamfaa mwenye chasisi nzima, kazi ya kila siku, fundi anayekubali kupima kabla ya kuchomelea, na njia zake kuu ni lami na changarawe.

Njia ya tatu: tairi moja moja, springi mpya, na tela

Mzigo. Wenye Land Rover wenyewe, walipotaka 109 ya kubeba tani moja kamili mwaka 1968, hawakuweka dabo. Walitoa modeli ya One Ton yenye matairi makubwa ya 9.00-16, moja kila pembe, na sehemu nyingine nzito za kuendana nayo. Nawe unaweza kufuata wazo hilo kwa kipimo chako: springi kamili zilizopindwa upya au kuongezwa vipande, shokapu nzima, bushi mpya, matairi yenye namba ya mzigo ya kutosha. Kwa dagaa hili linapunguza yumba kuliko wengi wanavyotarajia. Kwa barafu na saruji kuna mwisho, na kinachozidi kinakwenda kwenye tela lenye breki zake.

Udongo. Kwa mbuga na kwa mchanga hakuna inayoishinda hii kati ya njia zote tatu. Nyuma inafuata mbele, matope yanatoka yenyewe, na mwaloni unaweza kupunguza upepo ukapita. Tela nalo hubadilisha hali hiyo: kwenye matope linakuvuta nyuma kama nanga.

Tairi zote nne hazijaguswa. Matairi ni matano, na lolote linafaa popote. Kurudi nyuma hakuna, kwa sababu hujaondoka. Tela linasajiliwa kwa namba yake, linahitaji taa zake, na linahitaji dereva anayejua kurudi nyuma nalo. Ukipakia kwenye vichochoro vya Makoroboi au kwenye msongamano wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, tela litakuchosha kabla hujatoka. Kuelekea Sengerema sasa ni nafuu, daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko tangu 2025. Kwenda Ukerewe bado unavuka Kisorya, na urefu wa gari na tela ni nafasi unayoihitaji ndani ya kivuko.

Inamfaa anayeingia vijijini masika na kiangazi, asiyebeba uzito kila siku, na anayelipenda gari lake kama lilivyo.

Kwa hali yako

Ukibeba dagaa wakavu kutoka Mwaloni kwenda Magu, Bunda na kuendelea, juu ya lami, anza na springi za njia ya tatu. Endesha mwezi mmoja. Bado linayumba? Nenda njia ya pili kama chasisi ni nzima, au ya kwanza kama una 109 na adapta zimekerezwa ipasavyo.

Ukibeba barafu na samaki wabichi kila siku, njia ya kwanza iondoe kichwani. Chagua kati ya ekseli ya lori, ukiwa umeimarisha chasisi, na kuliacha gari la zamani lipumzike ukanunua Canter. Nimewaona waliofanya hayo ya mwisho wakabaki na Land Rover nzuri nyumbani na biashara isiyokwama.

Ukifuata mpunga mabondeni, Kwimba au upande wa mto Simiyu, baki na tairi moja moja hata kama wenzako wote wamefunga dabo. Mbuga ikilowa utaelewa. Mialo yenye mchanga ya Ukerewe ni hivyohivyo, tela likibaki nyumbani.

Kama una FJ40, au Land Rover ambayo hujui nyuma ina ekseli gani, kwanza angalia. Kwenye 109, mfuniko wa difu unaofunguka kwa nyuma ni dalili ya Salisbury, ekseli nzito kuliko ya Rover ya awali yenye difu inayotokea mbele. Mwenye Salisbury ana sababu ya kufikiria mara mbili kabla ya kuitoa.

Kama gari ni la marehemu baba na unataka tu lionekane imara siku za sherehe, funga adapta nzuri, usilibebeshe kitu, na rimu zake za asili zihifadhi mahali pakavu.

Na kama nyundo ilipogonga chasisi ililia kama debe, fedha uliyoiweka kwa ajili ya matairi ipeleke kwa fundi wa chasisi wiki hii.